Kikombe cha Kupimia Watu

Paukwa!

Pakawa!

Birika?

La chai.

Sinia?

La wawili.

Na masikio?

Tumekuja nayo, wewe sema tu.

Haya, sogeeni. Wewe uliyeegemea nguzo, nyoosha mgongo, hadithi haimwingii mtu aliyejikunja. Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na mji unaitwa Kisimangao. Haukuwa mji mkubwa. Ukipiga chafya mwanzo wa mji, watu wa mwisho wa mji wanakuombea uzima.

Mji huo ulikuwa na desturi moja tamu. Kila asubuhi watu walikwenda ukumbini kwa Jumbe kunywa chai. Chai, vitumbua, mbaazi, mkate wa ufuta. Wakila, wanazungumza. Mwenye shida anasema shida yake, mwenye kosa anaomba radhi, na mambo ya mji yanakwisha kabla jua halijawa kali. Mpishi wa chai hiyo alikuwa mwanamke mmoja, Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mweusi ti, mweusi wa kung'aa. Akitabasamu unaona meno kwanza, uso unafuata. Mumewe, Mzee Shekuwe, alikuwa mweupe wa kuzaliwa, mweupe mpaka mishipa ya mikono unaihesabu. Walikuwa wameoana miaka arobaini. Watoto wameshaoa na kuolewa huko mbali, nyumba imebaki ya wawili. Na katika miaka hiyo arobaini hawakupata kula sinia mbalimbali hata siku moja. Wakigombana, wanagombana wakila. Shekuwe anamega kile kipande laini cha katikati ya mkate, anakisukuma upande wa mkewe bila kumtazama. Somoe anamtolea pilipili zote kwenye mbaazi, maana mzee tumbo lake lilikuwa halitaki tena. Hawakuwahi kuambiana kwamba hayo ni mapenzi. Na nyinyi mlio kwenye ndoa mnanielewa, msijifanye kucheka.

Basi siku moja akaja mgeni, muuza vioo. Jumbe wa mji alikuwa anaitwa Vuai, kijana bado, hata ndevu hazijakubaliana zikae wapi. Mgeni akamshikia kioo. "Jumbe, tazama rangi hiyo. Hiyo ni chai ya maziwa iliyokolea. Huko nitokako, watu wa rangi kama yako hawakai sinia moja na watu weusi."

Jumbe akajitazama. Akajigeuza kushoto. Akajigeuza kulia. Kabla ya siku ile alikuwa na uso tu, kama sisi wote. Kuanzia siku ile akawa na rangi.

Mgeni aliondoka kesho yake na vioo vyake. Neno akaliacha.

Haukupita muda, mbiu ikapigwa. "Sikieni! Ukumbi sasa una milango miwili. Upo wa mbele na upo wa uani. Aliye sawa na chai ya Jumbe, au mweupe kuliko chai ya Jumbe, apite mbele. Aliye mweusi kuliko chai ya Jumbe apite uani. Wa uani hawali sinia moja na wa mbele, wala hawasemi shaurini."

Jumbe mwenyewe akasimama kizingitini akaongeza, "Yeyote atakayekanyaga kizingiti hiki kutoka nje atapimwa, hata ningekuwa mimi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Akanyoosha mkono wake, bawabu akauwekea kikombe ubavuni, rangi ikalingana sawasawa. Watu wakapiga makofi. Na wewe ungepiga, usinitazame hivyo.

Bawabu huyo alikuwa Feruzi, mtu mwaminifu sana, mwaminifu kuliko inavyofaa. Kila asubuhi alipewa kikombe cha chai kutoka jikoni. Unakuja, unanyoosha mkono, anakupima. "Mbele." "Uani." "Uani." "Mbele." Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Mimi sifikiri, mimi napima."

Jamani, mji ukaharibika kwa kikombe kimoja. Wanawake wakajipaka liwa mpaka misandali ikaisha. Wakajipaka unga wa mchele, mchana jua likiwaka wanapasuka nyuso kama udongo. Wanaume wakaacha kwenda shamba wasije wakaiva. Wakakaa ndani, wanajipepea. Magugu hayaogopi jua, yakaota mpaka mihogo haionekani.

Lakini mimi hadithi yangu ni ya sinia moja, narudi huko.

Siku ya kwanza ya sheria ile, Shekuwe alipimwa. "Mbele." Somoe akapimwa. "Uani." Shekuwe akasimama pale katikati ya njia, kofia mkononi. "Feruzi, mwanangu, huyu ni mke wangu."

"Namjua, mzee. Alinipikia uji nilipougua."

"Basi mpitishe na mimi."

"Mimi sifikiri, mzee. Mimi napima."

Shekuwe akaingia mbele, akawekewa sinia na watu asiowazoea. Akamega kile kipande laini cha katikati, akakisukuma kando. Akainua macho, akaona upande ule amekaa mtu mwenye masharubu. Yule wa masharubu akakila. Shekuwe hakula tena asubuhi ile.

Jioni akamwambia mkewe, "Mimi nitakuja uani."

"Utakujaje, mume wangu, na weupe huo kama jini wa pangoni?"

"Nitaiva."

Akaenda akajilaza juani. Siku ya kwanza, jua la asubuhi. Siku ya pili, jua la mchana. Siku ya tatu, jua la kutwa. Hakuwa mweusi. Akawa mwekundu kama kamba wa kuchemsha, ngozi ikambabuka mgongoni. Somoe akampaka mafuta ya nazi, huku anacheka, huku machozi yanamtoka, hajui analia au anacheka. Mimi nasema alikuwa analia.

Kesho yake Shekuwe akachukua masizi chini ya sufuria, akajipaka uso na mikono. Akaenda kwa Feruzi, anatembea kwa madaha. Feruzi akamtazama sana. Akachukua kitambaa kibichi, akamfuta mkono taratibu kama anavyofutwa mtoto. "Mbele, mzee."

Mara ya tatu hakujaribu hila. Aliomba tu. "Feruzi, niache nikae katikati. Si mbele, si uani. Hapo katikati."

"Mzee, katikati hakuna mlango. Katikati ni ukuta."

Shekuwe akarudi nyumbani, akakaa kitandani, akavua viatu, akabaki navyo mkononi. Somoe akamwangalia. Mwanamke akikuangalia hivyo, kuna jambo linachemka.

Na kweli, kabla halijachemka vizuri, mbiu ikapigwa tena. "Sikieni! Ijumaa ijayo mji unagawanywa. Wa mbele watakaa ng'ambo hii ya korongo, wa uani watakaa ng'ambo ile. Mume na mke wasiolingana kipimo, kila mmoja na ng'ambo yake."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Somoe akaenda kwa Jumbe. Akapiga magoti, akasema, "Jumbe wangu, miaka arobaini sijalala nyumba asiyolala Shekuwe. Tusamehe sisi wawili tu."

Jumbe akainama kidogo. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia. Alikuwa mtu aliyeonyeshwa kioo. Akasema, "Bi Somoe, sheria ni msumeno."

"Hukata mbele na nyuma," Somoe akamalizia.

"Ndiyo hiyo."

"Nimesikia, Jumbe wangu." Akainuka, akajikung'uta vumbi magotini, akarudi jikoni. Akalitazama birika. Akaitazama sufuria ya maziwa. Akalitazama tena birika. Mbiu ilisema chai. Alijirudia maneno yake yote kichwani, neno kwa neno, na hakukumbuka mahali popote iliposema maziwa.

Mnaona anakokwenda? Kama mmeona, nyamazeni, msiwaharibie wenzenu.

Jumanne asubuhi Somoe akapika chai. Akatia tangawizi, akatia iliki. Maziwa, pale alipozoea kumimina kata moja, akamimina mbili. Akampelekea Feruzi kikombe chake. Wakaja watu. Wale waliokuwa sawasawa na chai, wale wa kupita kwa bahati, wakanyoosha mikono. "Uani." "Uani." Mtu wa masharubu naye akanyoosha wake. "Uani."

"Mimi?"

"Wewe."

"Jana nilikuwa wa mbele."

"Jana ilikuwa jana. Mimi napima."

Jumbe, ambaye chumba chake kilifungukia ukumbini kwa ndani, akatoka akakaa, akanywa. "Bi Somoe, leo chai tamu."

"Nimeongeza mkono, Jumbe."

Jumbe akatazama watu. "Mbona wamepungua?"

Wale waliobaki wakajibu kwa furaha, "Wamechujwa wasiostahili." Wakanyoosha miguu, maana nafasi ilikuwa imeongezeka. Shekuwe alikuwa miongoni mwao, kwenye pembe, hajanyoosha chochote.

Jumatano Somoe akamimina kata nne. Feruzi akapokea kikombe, akakigeuzageuza. "Bibi, chai hii mbona nyeupe?"

"Ni chai ya Jumbe au si chai ya Jumbe?"

"Ni chai ya Jumbe."

"Basi pima."

Akapima. "Uani." "Uani." "Uani." Binamu zake Jumbe, uani. Mpiga mbiu, aliyekuwa ameitangaza sheria yenyewe kwa sauti yake, uani. Halafu mambo yakawa kimya mlangoni, Feruzi akatazama kikombe, akatazama mkono wake mwenyewe. Alikuwa mwaminifu, nimeshawaambia. Akajipima. Akasema polepole, "Uani." Akaenda uani, akakaa kidogo, akanywa chai yake, akarudi kazini kwake.

Ukumbini walibaki watu watatu. Jumbe akanywa. "Leo imezidi utamu, Bi Somoe."

"Mkono, Jumbe. Ni mkono tu."

"Na watu mbona wachache hivi?"

Watatu wale, wawili wakasema, "Bora huwa wachache." Shekuwe aligeuza sikio dirishani. Alikuwa anasikiliza uani. Kule kulikuwa na kelele, kulikuwa na kicheko, na katika kicheko kile alikitambua kimoja, kile kinachoanza chini kama mtu anakohoa. Sinia mbele yake lilikuwa limejaa vitumbua, na hakuna aliyevigusa.

Alhamisi, siku ya mwisho. Somoe aliamka mapema kuliko jogoo. Akachukua ndoo tatu badala ya moja. Maana aliujua weupe wa mume wake. Alijua ile ngozi ya ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, isiyoonwa na jua. Je, maziwa yangetosha? Akakamua ng'ombe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akayatia maziwa yote motoni. Majani ya chai hakuyazamisha, aliyaonyesha maziwa tu, yakapita juu yake yakatolewa. Kama hiyo ni chai, basi na mimi ni kijana.

Feruzi akakipokea kikombe. Akafungua mdomo. Somoe akamtazama. Akafunga mdomo.

Wakaja wale wawili. "Uani." "Uani." Akaja Shekuwe, anaburuza viatu, kesho yake ndiyo ya korongo na hana tena hila ya kujaribu. Akanyoosha mkono kama mtu anayetoa kitu cha wizi. Feruzi akaweka kikombe. Akatazama. Akatazama tena. Akainamisha kichwa akatazama kwa jicho moja.

"Uani, mzee," Feruzi akasema, na midomo yake ikacheza kidogo.

Shekuwe hakusubiri aambiwe mara mbili. Mzee wa magoti mabovu yule, alizunguka nyumba kwa mbio, viatu mkononi. Akatokea uani. Somoe alikuwa anamimina chai, mgongo umemwelekea. Akamsikia anavyohema, akamjua.

"Umekuja," akasema bila kugeuka.

"Nimeshindwa kipimo, mke wangu."

"Pole."

"Usinipe pole."

Akakaa kwenye sinia lake. Akamega mkate, kile kipande cha katikati, akakisukuma. Safari hii upande ule alikuwepo mwenyewe. Somoe akaanza kutoa pilipili kwenye mbaazi, moja, moja, na hakuna aliyewasemesha. Mimi nikifika hapa huwa nakunywa fundo moja la chai. Niacheni.

Haya. Jumbe akatoka chumbani kwake. Ukumbi mtupu. Akaita, ukuta ukamwitikia. Akasikia kelele nyuma ya nyumba, vikombe vinagongana, watu wanataniana, na harufu ya mkate wa ufuta inapita dirishani. Akafungua mlango wa mbele, akatoka nje kutazama mji umehamia wapi. Hakuna mtu. Akageuka arudi ndani, na hapo kwenye kizingiti akakuta mkono wa Feruzi umeshika kikombe.

"Samahani, Jumbe. Mkono."

"Feruzi, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, Jumbe. Umetoka nje, unaingia. Wewe mwenyewe ulisema." Na alisema kwa heshima, hapakuwa na kejeli kwenye sauti yake. Hiyo ndiyo iliyouma.

Jumbe akanyoosha mkono. Penye maziwa yale, mkono wake ulikuwa kama mwiko ndani ya ugali wa sembe.

"Uani, Jumbe."

Watu wa uani walikuwa wamesikia. Vikombe vikatulia. Jumbe akazunguka nyumba, hatua moja moja, akatokea mlango wa uani, na mji mzima ukamtazama. Akasema, "Nani amepika chai hii?"

Somoe akainuka. Shekuwe naye akainuka, akasimama naye bega kwa bega, kitumbua bado kiko mdomoni.

"Shikamoo, Jumbe," mtu mmoja akasema huko nyuma kwa woga.

"Nimepika mimi," Somoe akasema. "Sheria yako ilisema chai, haikusema maziwa. Maziwa nimetia mimi. Ukitaka kuniadhibu, niadhibu, kipimo nimekivuruga. Lakini kwanza niambie, Jumbe wangu, wewe rangi yako ni ipi?"

"Unaiona."

"Naona ya leo. Jumatatu ulikuwa mweupe, Alhamisi umekuwa mweusi, na ngozi ni ile ile uliyotoka nayo tumboni kwa mama yako. Hukuiva, hukuchujuka. Kilichobadilika ni mkono wa mpishi."

Jumbe akatazama chini. Pale chini palikuwa na jiwe la kusagia, limelika katikati, limekuwepo hapo kabla yeye hajazaliwa. Akalitazama muda mrefu.

"Mama alikuwa anakaa hapa," akasema, kwa sauti nyingine kabisa. "Anachagua mchele."

"Hapo hapo," Somoe akasema. "Na wewe unazunguka unaiba nazi, yeye anakufukuza na mwiko."

"Mama alikuwa mweusi."

"Mweusi kuliko mimi. Mungu amrehemu, na mikono yake ilikuwa na baraka. Angekuja leo asubuhi, Jumbe, Feruzi angempitisha mlango gani?"

Jumbe akajifuta uso kwa kiganja. Alikuwa na machozi, nayasema wazi, hakuna haya ya kumlilia mama. Watu wakawa wanatazama vikombe vyao, maana Kisimangao ni mji wa watu wenye adabu.

Mwishowe Shekuwe akameza kile kitumbua. Akasogea kwenye mkeka, akapigapiga mahali pembeni yake. "Kaa, Jumbe. Chai inapoa. Na kaa upande wa huku, upande ule una mwenyewe."

Jumbe akakaa. Akala sinia moja na Somoe na Shekuwe, na watu wakaanza kusema tena, kidogo kidogo, halafu kwa kelele kama zamani. Alipokwisha kula akamwita Feruzi, akapokea kile kikombe cha kupimia, akainua kichwa akanywa maziwa yote mpaka chini. Akamrudishia kitupu. "Kesho usipewe kingine."

"Nitapima na nini, Jumbe?"

"Kesho utafikiri, Feruzi."

Feruzi akashtuka sana. Lakini wanasema alijifunza, ingawa pole pole, na mwanzoni kilimuuma kichwa.

Ijumaa ikafika. Korongo likabaki korongo, mbuzi tu ndio waliovuka. Ule mlango wa uani haukuzibwa. Watu wakapita wanakotaka, na wengi mpaka leo wanapita uani, maana ndiko mkate unakotokea.

Asubuhi hiyo Somoe alimwuliza Jumbe, "Leo nitie maziwa kata ngapi?"

Jumbe akasema, "Usitie. Wiki hii nimeshiba maziwa."

Somoe akapika majani, tangawizi, iliki, basi. Chai ikatoka nyeusi, inang'aa kama uso wake. Hakuna mtu Kisimangao aliyekuwa mweusi kuliko chai ile, wala mmoja. Watu wakauliza, hii ni chai gani? Jumbe akaitazama, akamtazama mpishi, akasema, "Hii ndiyo yenye rangi."

Kwa hiyo ukienda nyumba yoyote ukaambiwa kuna chai ya maziwa na kuna chai ya rangi, usiulize rangi gani. Wasomi watakupa sababu nyingine, wana zao. Mimi nimekupa ya Kisimangao.

Na Shekuwe? Kila asubuhi humwuliza mkewe, "Leo chai gani?" Kila asubuhi mkewe humjibu, "Unywe, usipime."

Hadithi yangu nimeimimina mpaka tone la mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni sinia moja. Ikiwa chungu, nirudishieni kikombe changu, nikaongeze sukari.

Birika?

Tupu.

Na tumbo?

Limejaa.

Basi inukeni.